Kisiwa Kilichoning'inia kwenye Waya Mmoja

Haya ni mazungumzo juu ya uchovu wa wakubwa wa kazi, niliyoyatoa Mazizini, Unguja, mbele ya wakurugenzi na mameneja wakuu wa mahoteli, mabenki na kampuni za uwakala wa forodha. Baadhi ya waliokuwapo waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu na yalivyotoka mdomoni, na mwishoni nimeongeza suali moja nililoulizwa.

Assalaam alaykum. Wakubwa zangu na wenzangu wa rika, ahsanteni kwa kuniita, na ahsanteni zaidi kwa kuja. Najua kila mmoja wenu ameacha jambo mezani ili akae hapa saa moja. Naziona simu zimelazwa kifudifudi mbele yenu, na kila moja inatetemeka kidogo kidogo.

Naomba nianze na kitu ambacho kila mtu wa Unguja aliyetimia umri anakikumbuka. Disemba 2009 umeme ulikatika, na haukurudi usiku ule wala wiki ile. Tulikaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mwaka 2008 tulikuwa tumeshaonjeshwa, karibu mwezi mzima, Mei kuingia Juni. Mtakumbuka ngurumo za majenereta kila mtaa wa mjini, na foleni za madumu visimani, kwa sababu pampu za maji nazo zilikuwa hazina umeme, na mfereji ukiufungua unatoa upepo. Mimi wakati ule nilikuwa naibu meneja wa hoteli moja pwani ya mashariki. Nilikuwa nikilala na ufunguo wa stoo ya dizeli chini ya mto.

Sababu yake mnaijua. Kisiwa kizima kilikuwa kinategemea waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka Bara na kutokea Fumba. Ulilazwa mwaka 1980, na uwezo wake ulikuwa megawati 45 hivi. Unapolazwa, mahoteli ya pwani tuliyonayo leo hayakuwapo, wala viyoyozi vilivyojaa madirisha ya mjini. Mzigo ukazidi mwaka hadi mwaka, waya ni ule ule. Na kwa kuwa kila jioni taa ziliwaka, hatukuwa na wasiwasi. Hitilafu ilipotokea ndipo tukajua kuwa hapakuwa na njia ya pili. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013.

Nimeanza na waya kwa sababu nimeitwa nizungumze juu ya uchovu wa wakubwa wa kazi, na naamini tumekuwa tukiuzungumza kwa njia isiyotusaidia. Tunauzungumza kama unyonge wa mtu. Tunamwambia apumzike, apunguze chai, akatembee Maisara jioni. Haya yote mazuri, sikatazi. Lakini kampuni nyingi za visiwani kwetu zinaning'inia kwenye mtu mmoja, na maadamu taa zinawaka hakuna anayeuliza amebeba megawati ngapi. Nilikuwa mtu huyo. Nitakuambieni ilivyokuwa.

Mwaka 2017 nilikabidhiwa ukurugenzi mtendaji wa kampuni yenye mahoteli matatu na magari ya kubebea wageni. Wenye hisa wanaishi Ulaya, na walikuwa wakinipigia simu usiku, saa ambayo kwao kazi bado haijaisha na kwetu watoto wameshalala. Agosti 2019, siku ya Alhamisi, msimu umejaa pomoni, mhasibu mkuu aliniletea faili la malipo. Ni mama mtu mzima, ameanza kazi pale kabla yangu. Hati zilikuwa kumi na nne: dizeli, samaki, walinzi, ushuru, mafundi wa bwawa. Nikashika kalamu. Sahihi yangu ni herufi tatu zilizofungwa na mkia, nimeiandika maelfu ya mara. Mkono ukasimama juu ya karatasi. Sikuweza kukumbuka inaanzia wapi. Nikaandika kitu, nikakitazama, nikaona si changu. Nikajaribu tena pembeni kidogo, ikatoka mbaya zaidi.

Mhasibu alikuwa amesimama upande wangu wa kulia, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi wa shanga. Hakuuliza kitu. Alilivuta lile faili taratibu kutoka chini ya mkono wangu, akalifunga, akasema, "Mwanangu, hizi zitangoja." Miaka yote alikuwa akiniita Mkurugenzi. Siku ile aliniita mwanangu, nami nikalia mbele yake, mlango uko wazi na wafanyakazi wanapita.

Nilipotazama nyuma, kilichonitisha zaidi ni yale yaliyotangulia siku hiyo, ambayo niliyaona kwa macho yangu nikayapa majina mazuri. Nilikuwa nikiamka saa nane za usiku, macho makavu, nahesabu vyumba. Nikakuita kuwajibika. Nilikuwa nasoma ripoti mara tatu na bado sijui imesema nini. Nikakuita umakini. Na kuna hili moja, ambalo kulisema kwake ni kuzito. Mhudumu wetu mmoja wa mkahawani, kijana wa Donge, alikuja ofisini kuniambia mama yake amefariki. Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Na zamu yako ya jioni nani ataishika?" Sikusema Inna lillahi. Mimi niliyelelewa kwenda mazikoni hata kwa watu nisiowajua, nikaketi nyuma ya meza nikimtazama kijana amefiwa na mama yake, na ninachokiona ni meza kumi na mbili hazina mhudumu. Nikakuita uthabiti.

Mwaka huo huo wa 2019, Shirika la Afya Duniani lilitangaza orodha yake mpya ya maradhi, na ndani yake likauelezea uchovu huu kwa ufafanuzi zaidi. Halikuuita ugonjwa. Liliuita jambo linalotokana na kazi, yaani msongo wa muda mrefu kazini ambao haukusimamiwa vyema. Likataja sura tatu: nguvu kukwisha, moyo kujitenga na kazi na kuingia chuki au kebehi juu yake, na ufanisi kushuka. Niliposoma hayo nilihisi kama kuna mtu alikuwa amekaa kwenye kona ya ofisi yangu akiandika. Usiku wa saa nane ni sura ya kwanza. Kijana wa Donge ni ya pili. Sahihi ni ya tatu.

Jambo lenyewe halikugunduliwa kwa wakurugenzi. Mwaka 1974 daktari wa nafsi Herbert Freudenberger aliandika juu ya watu aliofanya nao kazi katika zahanati ya bure mjini New York, watu waliokuja kwa moyo safi kusaidia wengine na baada ya muda wakawa kama jiko lililobaki majivu. Christina Maslach na wenzake wakalipima jambo hilo kwa miaka mingi, na nilichokipata kwao ni kwamba wingi wa kazi ni sababu moja tu miongoni mwa kadhaa. Mtu huchoka pia akikosa usemi juu ya kazi yake, akikosa malipo au shukrani inayolingana, akikosa watu wa kuaminiana nao, akiona dhulma, au akifanya yanayopingana na anayoyaamini.

Hapo kwenye usemi nataka nikae kidogo, maana ndipo tunapodanganyika sisi wakubwa. Watu wa chini wanadhani mkurugenzi ana amri zote. Ninyi mnajua. Bei ya chumba inapangwa na wakala wa nje. Ndege ikifutwa, imefutwa. Wenye hisa wakitaka gharama ipunguzwe kabla ya mwisho wa mwezi, itapunguzwa, na wewe ndiye utakayemwita mpishi umweleze. Unajibu kwa kila kitu na unaamua machache. Niliwahi kuagizwa niachishe watu wanane wiki moja kabla ya Ramadhani. Nililifanya. Saa zangu za kazi wiki ile hazikuwa nyingi kuliko wiki nyengine, lakini ile ndiyo wiki iliyonila.

Pamoja na hayo, saa nazo zihesabiwe. Hebu kila mmoja afanye hesabu yake kimya kimya. Unatoka nyumbani saa moja asubuhi, unarudi saa moja usiku, siku sita. Hizo ni saa 72. Toa sala, toa chakula, toa na njia, haziwi chini ya 55. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wa pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa kwa makadirio ya asilimia 35 kuliko ya anayefanya saa 35 mpaka 40, na hatari ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo imezidi kwa asilimia 17. Sote humu ndani tunamjua mtu wa rika letu aliyeanguka ghafla. Tukasema ajali yake imefika, na ni kweli, lakini tusiache kutazama na ile kazi aliyokuwa akiifanya.

Sasa kwa nini tunaficha? Kwetu sisi kuna msemo kwamba mkubwa ni jalala. Kila mtu anakuja kumwaga lake: mfanyakazi na shida zake, mgeni na malalamiko yake, serikali na barua zake, ndugu na mchango wa harusi. Nimekua nikiusikia kwa mzee wangu, na nauheshimu, maana unafunza subira. Lakini jalala la mtaani lina gari linalokuja kulizoa. Lisipozolewa wiki mbili mtaa mzima unaziba pua. La kwako wewe, Mkurugenzi, linazolewa na nani, na siku gani?

Na kuna hofu. Mtu akisema amechoka akili, neno litakalomfuata mtaani ni Kidongo Chekundu. Tumelifanya jina la hospitali ya maradhi ya akili kuwa tusi, na kwa ajili hiyo mtu mwenye mahoteli matatu mikononi anaogopa kuonana na daktari ambaye angemsaidia kwa mazungumzo ya saa moja. Mimi kwanza nilidhani ni kijicho. Dada yangu akasema nisomewe, nikasomewa, na nasema kwa dhati kwamba Qur'ani ilinituliza, usiku ule nililala. Asubuhi simu zilikuwa zile zile. Baadaye nilikwenda kwa daktari, na hivi viwili havikugombana. Ukiwa hulali kwa wiki mbili mfululizo, usingoje. Na ikikujia fikra kwamba bora usingekuwapo duniani, usiimalize siku ile peke yako: mwambie mtu wa nyumbani, akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Dini yetu haikutuachia jambo hili gizani. Mnakijua kisa cha sahaba Salman alipomtembelea ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiachilia, hajipambi tena, kwa sababu mume hana haja na dunia: mchana anafunga, usiku anasimama. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema Salman amesema kweli. Angalieni, aliyekuwa akijimaliza hakuwa mvivu wala mpenda dunia. Alikuwa katika ibada. Kama ibada yenyewe ina mpaka, hesabu za hoteli zitakosaje mpaka?

Na Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni, aliomba nini? Mnaisoma katika Surat Taha. Aliomba apewe waziri katika jamaa zake, Harun ndugu yake, amtie nguvu kwaye, na amshirikishe katika jambo lake. Wengi katika wajuzi wa Kiarabu hulinasibisha neno waziri na mzigo: ni yule anayeubeba pamoja nawe. Musa hakuomba mtu wa kumbebea mkoba. Aliomba mshirika katika lile jambo lenyewe, na aliomba mapema, kabla hajaingia kwa Firauni.

Hili ndilo nililolikosa mimi, na nililikosa mara mbili. Baada ya siku ile ya sahihi nilipewa likizo, nikaenda Pemba kwa mama, upande wa Mkoani. Wiki ya kwanza nililala tu. Wiki ya pili mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, akanichukua pwani bamvua likiwa limetoa, akanionesha mwamba ambao hawakuwa wakiuvua. Nikamuuliza kwa nini, na pweza wanaonekana. Akanieleza utaratibu ambao umeenea Pemba, Kisiwa Panza na kwengineko: wanakijiji wanakubaliana kuufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, wanaweka alama, wanapanga walinzi, na siku ya kufungua inatangazwa watu wote wakaingia pamoja. Pweza hukua upesi mno. Aliyeachwa miezi mitatu si yule uliyemuona mdogo kama kiganja.

Nikamwambia, "Mjomba, na watu wanakula nini mwamba ukifungwa?" Akaniangalia kama mtoto. "Kwani tumeufunga wote? Tunavua kule." Akanyoosha mkono kusini.

Neno lile sikulielewa uzito wake palepale. Nilirudi Unguja nimenona, sura imerudi, watu wakaniambia mashaallah. Baada ya wiki tatu nilikuwa nimeamka tena saa nane za usiku nahesabu vyumba. Mwili ulikuwa umepumzika, lakini mwamba wangu ulikuwa ndio huo mmoja. Hakukuwa na kule. Kila kilichokuwa kikinisubiri kilinisubiri mimi, na kilikuwa kimerundikana wiki sita. Kwa hiyo ninaposikia kampuni inampeleka mkurugenzi wake mapumzikoni na kumrudisha kwenye meza ile ile, kwa mzigo ule ule, hofu hunishika. Tumeuzima waya, tumeupangusa, tumeuwasha tena.

Basi nikafanya jambo ambalo nakuombeni mlifanye kabla hamjalazimishwa na maradhi. Kwanza nikamteua naibu. Cheo kilikuwapo zamani, lakini kilikuwa cha kwenye mlango tu. Safari hii bodi ilimpa sahihi benki, ikamwekea kiwango cha fedha anachoweza kuidhinisha bila ya kuniuliza, ikawaandikia wenye hisa barua kwamba nisipokuwapo neno lake ndilo neno. Halafu nikaondoka siku kumi kwa makusudi, mwezi wa Aprili, mvua za masika zimekaza na wageni wachache. Simu nikaiacha kwa mhasibu, kwenye droo, imezimwa.

Niliporudi alinipa karatasi. Ilikuwa na mambo kumi na moja yaliyokwama. Neno la siri la akaunti moja ya benki nilikuwa nalo mimi tu, kichwani. Muuza samaki alikataa kuleta mzigo wa mkopo mpaka asikie sauti yangu. Mkataba wa dizeli haukujulikana uliko, ulikuwa nyumbani kwangu, juu ya friji. Fundi wa jenereta alikuwa hajui kwamba anaweza kuagiza chujio bila ya ruhusa, maana mara moja, miaka ya nyuma, nilimgombeza kwa kuagiza. Nilikaa na karatasi ile jioni nzima. Kila mstari ulikuwa ni waya ambao nilikuwa nimeutandika mwenyewe, baadhi yao kwa ukali wangu, na ule wa fundi uliniuma kuliko wote. Miezi sita ikatuchukua kutandika njia za pili. Ni kazi ya kuchosha na haina sherehe, na hakuna kazi niliyoifanya katika uongozi ninayoithamini kuliko hiyo.

Haikuwa bure. Naibu wangu, msimu wake wa kwanza, alivipa vikundi viwili vya wageni vyumba vile vile. Tukawalipia wengine hoteli ya jirani, na fedha zile zilituuma. Wenye hisa walipiga simu wakitaka nizichukue tena kazi zote. Nilikataa, na nilikataa kwa maandishi. Kosa lile lilitugharimu usiku nne za vyumba. Mimi kuanguka kungewagharimu kiasi gani?

Mkitaka mfano mkubwa, upo. António Horta-Osório alishika uongozi wa benki ya Lloyds, Uingereza, mwaka 2011, benki ambayo ilikuwa imeokolewa kwa fedha za Serikali. Novemba ya mwaka ule ule akaenda likizo ya maradhi, alikuwa halali. Habari zilipotoka bei ya hisa ikashuka siku hiyo hiyo. Bodi ikamngoja. Januari 2012 akarudi, akaiongoza mpaka 2021, na mwaka 2017 Serikali ilimaliza kuuza hisa zake zote ndani ya benki hiyo. Watu huvutiwa na kurudi kwake. Mimi hufikiria ile siku hisa zilipoporomoka kwa sababu mtu mmoja alikosa usingizi, na nawauliza wanabodi waliomo humu: ya kwenu ingeporomoka?

Wanabodi, naomba nikusemesheni ninyi hasa. Wahasibu wenu huandika likizo isiyochukuliwa kuwa ni deni la kampuni. Basi ombeni tarakimu ile ya mkurugenzi wenu, peke yake, kila robo mwaka, iwe ukurasa wa mbele wa ripoti. Akiwa na siku sabini hajazigusa, msimpongeze. Muulizeni nani anashika akilala. Na msimruhusu auze likizo yake kwa fedha. Tuliwahi kuziuza, tukazinunulia bati na saruji, na leo wengine wana nyumba nzuri Fumba na wanaishi na vidonge vya presha ndani yake.

Simu nayo nitaisema kwa ufupi. Kwetu sasa kuna simu moja ya zamu, ya kampuni, inayozunguka kwa mameneja watano. Baada ya Isha, dharura zote zinaingia humo. Wiki yangu ikifika nailaza kichwani. Wiki nne nyengine simu yangu inalala sebuleni, na kundi la WhatsApp la mameneja limefungwa mpaka saa moja asubuhi. Wenye hisa walinuna mwezi mmoja, wakazoea.

Kwa wanawake wenzangu niliowaona humu, wachache lakini mpo. Ninyi mnatoka ofisini mkaingia kazi ya pili. Jikoni, masomo ya watoto wa skuli, shughuli ya huku, maziko ya kule, na mtu akikosekana shughulini ni sisi tunaosemwa. Mwanamme akirudi amechoka nyumba inanyamazishwa. Sisi tukirudi tumechoka tunaulizwa chumvi iko wapi. Kaeni na waume zenu na watoto wenu wakubwa mfanye nyumbani kama nilivyosema ofisini: andikeni kila kinachokwama mnapokuwa hampo. Mume wangu alipoiona orodha yetu ya nyumbani alinyamaza muda mrefu. Tangu siku hiyo soko ni lake, na mwanangu wa kiume ndiye anayepika daku.

Wazee wetu wa majahazi hawakuwa na maneno haya yote. Babu yangu alikuwa nahodha. Kusi likikaza, jahazi linapandishwa pwani, linatiwa kalafati, linapakwa deheni, na yeye anakaa barazani na kahawa yake akisubiri upepo. Hakuna aliyemwita mvivu. Jahazi lisilopandishwa, maji huingia polepole kwenye maungio, na nahodha hayaoni mpaka shehena imelowa. Sisi tunao msimu wetu, masika ya Aprili na Mei, umewekwa pale na Mwenyezi Mungu kila mwaka, nasi huujaza warsha na mikutano ya bajeti.

Nilimalizia hapo, na mwenye ukumbi akafungua maswali. Kijana mmoja, meneja wa hoteli ndogo ya Jambiani, akasimama. Alikuwa na simu mbili mkononi. Akasema, "Bi, nimekufahamu yote, lakini mimi hoteli yangu ina vyumba tisa. Sina naibu na sina fedha ya kumuajiri. Mie nifanye nini?"

Nikamuuliza, "Tangu umekaa hapa simu zako zimelia mara ngapi?"

Akazitazama. "Kumi na saba."

"Na umepokea ngapi?"

"Hata moja."

"Na hoteli?"

Akafungua ujumbe, akausoma kwanza peke yake, kisha kwa sauti. Wageni wawili waliingia mapema, pampu ya kisima ilizima, na maji yamesharudi. Nikamuuliza nani aliyeshughulika. Akasema ni msichana wa mapokezi, ana miaka miwili pale. Nikamuuliza analipwa kama mtu wa mapokezi au kama mtu anayeiendesha hoteli bosi akiwa hayupo. Hakunijibu. Aliketi, akaiweka simu moja mfukoni, na kwa ile nyengine akaanza kumwandikia.